Jina Chini ya Miguu ya Simba Jike

Hasaballah Bakhit alishika tindo na nyundo kabla hajaota ndevu. Ami yake Mursi ndiye aliyekuwa akichonga mawe ya makaburi kwa vijiji vyote vya ukingo wa mashariki wa Nile, kuanzia kwenye kivuko mpaka kwenye kituo cha treni ya miwa. Mzee huyo hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo alimchukua mtoto wa nduguye akamfundisha kazi. Kufikia miaka kumi na tisa Hasaballah alikuwa amempita mwalimu wake. Herufi zake zilisimama kama watu walio kwenye safu ya sala. Waliokuja kuagiza jiwe la marehemu wao walimwambia Mursi usoni pake, "Mwachie kijana aandike. Wewe kaa unywe chai." Na kijana mwenyewe alijua kwamba ni hodari. Alijua kupita kiasi.

Ng'ambo ya mfereji aliishi Dahab, binti Abdelshafi. Hasaballah alikuwa amezungumza naye mara tatu tu maishani, na mara zote mbele za watu. Ile ya tatu Dahab alikuwa anatoka tanurini na wanawake wenzake, ubao wa mikate ya jua, ile inayoumuliwa juani, kichwani.

"Si ndiye huyu fundi wa wafu?" alisema bila kupunguza mwendo.

"Ndiye mimi."

"Basi nipishe haraka, nisije nikaandikwa kabla ya siku yangu."

Wenzake wakaangua kicheko, na Hasaballah akabaki amesimama pembeni mwa mfereji na moto masikioni. Jioni ile alimwambia mama yake kwamba ngano ikishavunwa, aende akamposee. Mama akakubali. Hakukuwa na kikwazo. Koo zile mbili hazikuwa na kisasi wala ugomvi wa maji, na baba yake Dahab alikuwa mtu mpole. Lilikuwa jambo la kungoja miezi miwili tu.

Lakini hakungoja.

Nyuma ya kijiji cha Naga Sawaki, pale mashamba yanapokatika ghafla na jabali kuanza, kuna mahali patakatifu ambapo wafalme wa kale walipachonga ndani ya mwamba. Pana nguzo nne mbele, ukumbi mwembamba, mlango wa pili, kisha chumba cha ndani ambamo sanamu tatu zilizovunjwa nyuso zimeketi kwenye kiti kimoja. Kuta zote zimejaa picha na maandishi. Kando ya mlango wa pili amesimama mwanamke mwenye kichwa cha simba jike, amemnyooshea mfalme mkono. Watu wa kijiji walipaita Pango la Simba Jike, wakafungia mbuzi humo siku za tufani ya mchanga.

Ijumaa moja ya mwezi wa Machi mwaka 1978, baada ya sala, wakati wanaume wote wamelala na mlinzi amekwenda arusini, Hasaballah alipanda huko na vyombo vyake. Alichagua sehemu laini chini ya miguu ya yule mwanamke, akafanya kazi mpaka alasiri. Aliandika: *Hasaballah na Dahab, Mungu awaunganishe, 1978.* Hakukwaruza kwa msumari kama wafanyavyo wanafunzi. Alichonga kwa kina, kwa mwandiko wa makaburini, kila nukta mahali pake. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu akatazama, akaona kwamba hajawahi kuandika vizuri hivyo.

Siku mbili baadaye wachimba mawe walijikinga na jua mle ndani wakaona. Jioni, vijana watatu wa rika lake walimzingira nje ya duka la chai.

"Tumeona kazi yako, fundi," alisema mmoja. "Mashallah. Na mwenyewe alikuwepo?"

"Mwenyewe nani?"

"Usijitie uziwi. Dahab. Alikuwa anakushikia taa, au anakufuta jasho?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema hapana. Dahab hakuwahi kukanyaga pango lile hata siku moja, wala hakujua kwamba jina lake liko huko, na hata angeliona asingeweza kulisoma. Hasaballah aliyajua yote hayo. Lakini wale vijana walikuwa wanamtazama kwa wivu, na mawe yake yote ya makaburi hayakuwa yamempatia macho ya namna hiyo. Akainamia bilauri yake ya chai, akatabasamu.

Basi.

Kabla ya Ijumaa nyingine tabasamu lile lilikuwa limevuka mfereji, na huko tanurini likaongezewa mengine. Ikawa Dahab ameonekana akipanda jabali. Ikawa ameonekana mara mbili. Asubuhi moja Ginawi, kaka yake mkubwa, alikuja nyumbani kwa Bakhit na wazee wawili, akabisha kwa fimbo.

"Ami Bakhit, sikuja kwa shari," alisema. "Mtoe mwanao. Nataka atamke mbele ya wazee hawa: dada yangu alikwenda huko, au hakwenda? Akisema hakwenda, nitawaziba watu midomo mimi mwenyewe, na hatutalizungumza tena."

"Hayupo," alisema Bakhit, ambaye aliogopa damu. "Amekwenda Luxor."

Hasaballah alikuwa nyuma ya mlango uleule, ameegemeza paji la uso kwenye mbao. Aliisikia pumzi ya Ginawi. Angeweza kupaza sauti. Aliufungua mdomo, akaufunga, na Ginawi akangoja kidogo kama mtu aliyesikia kitu, kisha nyayo zikaondoka.

Siku kumi na nane baadaye Dahab aliozwa kwa mwanamume mmoja wa Kharga, jangwani huko, mtu aliyefiwa na mke, mwenye watoto wanne ambaye baba yake Dahab alikuwa amemwona mara moja tu, sokoni. Pikapu ilimchukua mchana kweupe, na godoro na sanduku nyuma. Arusi yoyote ya Naga Sawaki hupigiwa vigelegele mpaka punda washtuke. Siku hiyo hakuna mwanamke aliyefungua kinywa. Hasaballah aliitazama pikapu kutoka juu ya paa, amelala kifudifudi ili asionekane.

*

Alikwenda jeshini, akarudi. Hakuchonga tena mawe ya makaburi. Alisema vumbi linamdhuru kifua. Alimwoa Wahiba, binti wa kijiji cha kusini, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi wa kazi, wakazaa mabinti watatu. Wahiba aliyajua mambo ya Dahab kabla hajaolewa, kwa sababu kila mtu aliyajua, na alimwambia mumewe usiku wa kwanza tu: "Mimi jina langu usiliandike popote, hata kwenye gunia."

Mlinzi wa pango alipofariki, nafasi ile ikatolewa kwa Hasaballah, maana mamake alikuwa na undugu na karani wa mambo ya kale wilayani. Angeweza kuikataa. Wahiba alimsihi aikatae. Lakini yeye aliona kwamba mtu mwingine akiwekwa pale, kila mgeni na kila mwanafunzi atasimama mbele ya maandishi yale na kuyasoma kwa sauti. Akaipokea. Siku ya kwanza kazini alikanda udongo na makapi ya ngano, akayaziba majina yote mawili, akasawazisha kwa kiganja. Kila majira ya baridi udongo ulipopasuka, aliukanda upya.

Kwa hiyo alikaa pale miaka ishirini na sita, mwenye kanzu ya kahawia na filimbi shingoni, akiwaambia watu wasiguse ukuta. Alipomwona kijana ametoa kisu au ufunguo, alimkimbilia akifoka kuliko ilivyohitajika, kisha akarudi kwenye kiti chake. Wenzake wa idara walimsifu kwamba anapenda mali ya kale. Alipokuwa anasifiwa, aliangalia viatu vyake.

Mwezi wa Januari mwaka 2012 likaja kundi la kunakili maandishi ya pango lote, mstari kwa mstari. Mkubwa wao alikuwa mwanamke wa Sohag, Ustadha Ibtihal, hajafika miaka arobaini, mwenye kucheka kwa sauti kubwa na kukalia ndoo iliyopinduliwa kama kiti cha enzi. Alimwita Hasaballah "ami" tangu siku ya kwanza, na alikunywa chai yake bila kulalamika kwamba ni nyeusi kama lami. Hasaballah alimpenda kama mwanawe. Ndiyo maana kila siku alipoona brashi yake inasogea karibu na mlango wa pili, aliinuka haraka kumchemshia chai nyingine.

Siku ya kumi na moja akamwita.

"Ami Hasaballah, hebu njoo. Hapa chini ya miguu pana nini?"

"Nyigu, ustadha," alijibu bila kufikiri. "Hujenga humo kila mwaka. Wabaya sana."

Ibtihal akakwangua kidogo kwa ukucha. "Nyigu wa Naga Sawaki wanatia makapi ya ngano kwenye nyumba zao?"

Wasaidizi wakacheka. Naye Hasaballah akajaribu kucheka.

Ibtihal aliulowesha udongo kwa maji ya kunyunyiza, ukatoka vipande vipande. Hasaballah alisimama nyuma yake asiweze kuondoka. Likatoka jina lake. Likatoka la Dahab. Herufi zilikuwa safi kama zimechongwa juzi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amezitunza chini ya udongo.

"Mwandiko mzuri ajabu," alisema Ibtihal polepole. Kisha akageuka. "Hasaballah."

"Majina yanafanana, ustadha. Huku kwetu akina Hasaballah ni wengi."

Ibtihal hakubishana naye. Alisogeza taa pembeni ili mwanga uteleze juu ya jiwe, akaufuata mstari kwa macho, na uso wake ukabadilika. "Njoo uone. Hizi herufi lamu mbili za jina hili, ndefu hizi. Umeona zinavyopanda? Huu mstari wa juu yake ni maneno ya yule mwanamke. Anamwambia mfalme: nimekupa uhai, nimekupa nguvu, nimekupa…" Akagusa hewa mbele ya jiwe. "Halafu hakuna. Lamu zimelila neno."

"Amempa nini?" aliuliza Hasaballah.

"Sijui. Pengine furaha. Pengine miaka mingi. Neno lilikaa hapo zaidi ya miaka elfu tatu, ami, na sasa hakuna atakayelijua tena."

Siku zote Hasaballah alikuwa ameamini kwamba, kwa upande wa jiwe, hakuharibu kitu. Kwamba alichagua sehemu tupu. Hakujua kuyasoma yale maandishi, kwa hiyo hakuyaona. Alijikuta amekaa chini mchangani.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ni mimi, mwanangu."

Wasaidizi waliacha kucheka, wakatoka nje mmoja mmoja. Ibtihal akaketi kwenye ndoo yake.

"Inabidi niandike kwenye ripoti," alisema mwishowe. "Unaelewa? Siwezi kuficha."

"Andika. Niandike mimi, na jina la baba yangu, na la ami yangu aliyenifundisha. Lakini huyo mwanamke usimwandike."

"Nanakili kila kitu kilichoko ukutani, ami. Hata majina ya Wayunani waliopita hapa na ngamia wao."

"Hao wamekufa, ustadha. Huyu yuko hai. Yuko hapo chini, ng'ambo ya mfereji. Amekuja kwenye arobaini ya kaka yake."

Ilikuwa kweli. Ginawi alikuwa amefariki mwezi wa Disemba, na Dahab alikuwa amefika kwa basi kutoka Kharga, mara yake ya kwanza kurudi tangu ile pikapu. Hasaballah alikuwa amezunguka kwa njia ya mashamba siku nne nzima ili asipite mbele ya nyumba ile.

Ibtihal alimtazama. "Hilo la kuandikwa au kutoandikwa si langu, wala si lako," alisema. "Kamuulize mwenyewe."

*

Mwanamume hawezi kwenda tu kumwona mwanamke asiye wake. Ilimbidi amwombe Wahiba. Alimkuta anachambua bamia, akamweleza akiwa amesimama.

"Miaka ishirini na tisa nimekaa nyumba moja na jina la mwanamke mwingine," alisema Wahiba bila kuinua kichwa, "na leo unataka nikushike mkono nikupeleke kwake?"

"Nataka kumwomba radhi."

"Umechelewa kidogo tu, eti." Akamalizia bamia zake, akanawa, akavaa shuka lake jeusi. "Twende. Usipotembea nitabadilisha nia."

Dahab alikuwa ameketi uani kwenye benchi la udongo, na Nagat, binti wa Ginawi, akimmiminia maji mikononi. Alikuwa amenenepa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuamrisha. Aliwaacha wamalize maneno yote ya rambirambi, kisha akasema:

"Wewe ndiye Hasaballah? Umezeeka vibaya."

"Ndiye mimi, Hajati."

"Mimi si hajati, sijahiji. Niite kwa jina langu. Si uliliandika?"

Nagat akainamisha uso. Hasaballah alianza maneno aliyoyapanga njia nzima, kwamba alikuwa mjinga, kwamba alikuwa mtoto, lakini Dahab aliinua kiganja.

"Ngoja kwanza. Niambie kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Uliandika nini?"

"Hukuambiwa?"

"Nani aniambie? Mimi sijui kusoma. Baba alinigeuzia uso mpaka akafa. Mama nilimwuliza, akasema mdomo wake hauwezi kuyatamka. Nikajua basi ni matusi, ni mambo ya mwili wangu. Miaka thelathini na nne ninayatunga kichwani mwangu. Nikikanda unga ninayatunga."

"Niliandika: Hasaballah na Dahab, Mungu awaunganishe. Na mwaka."

"Na nini tena?"

"Basi."

Dahab alimwangalia Wahiba, kama mwanamke anayemwuliza mwenzake iwapo amesikia sawasawa. Wahiba akaitikia kwa kichwa.

"Basi," alirudia Dahab. "Hayo ndiyo yaliyonipeleka Kharga." Kisha, kwa sauti ya chini: "Kaka yangu alikuja kwenu kukuuliza. Marehemu huyu. Alirudi akasema umekwenda Luxor."

"Sikuwa Luxor. Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Angeweza kuishia hapo. Tayari alikuwa hawezi kuinua shingo. Lakini lilikuwapo lile jingine, ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya kiumbe yeyote. "Tena si hilo tu," alisema. "Kabla ya hapo wenzangu waliniuliza kama ulikuwa nami pangoni. Walikuwa watatu. Sikuwaambia ndiyo. Lakini nilitabasamu."

Hapo Wahiba, aliyekuwa ameketi kando yake, alisogea. Hakusogea sana, upana wa kiganja tu, lakini Hasaballah aliuhisi ubaridi ulioingia katikati yao. Haya mengine yote mkewe aliyajua. Hili hakulijua.

"Kesho asubuhi nitakwenda kuyaona," alisema Dahab akiinuka. "Nagat atanipeleka. Wewe utakuwepo."

Njiani kurudi Wahiba alitangulia mbele. Walipofika kwenye daraja la mfereji alisimama akageuka.

"Nilidhani ulikuwa mpumbavu," alisema. "Nilijiambia: nimeolewa na mwanamume aliyependa kwa upumbavu, haidhuru. Kumbe ulikuwa unajisifia."

"Wahiba…"

"Tena kwa mtoto wa watu ambaye hata mkono hujamgusa. Hebu tabasamu tena, nione lilikuwaje."

Alisimama pale jua linampiga usoni, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, baba wa mabinti watatu. Akamwaza mdogo wao, ambaye sasa ana umri uleule aliokuwa nao Dahab mwaka ule. Wahiba alingoja, kisha akaenda zake.

*

Dahab alipanda jabali taratibu, mkono begani kwa Nagat, akasimama mara mbili kuvuta pumzi. Ibtihal alimpokea mlangoni kama mgeni wa heshima, akamkalisha kwenye ndoo yake mwenyewe mpaka moyo utulie. Hasaballah alijibanza kwenye nguzo ya mwisho.

"Kumbe ndipo hapa," alisema Dahab, akiangaza macho huku na huku. "Walinipakazia kuja kujificha mahali hata sipajui. Na huyu mwenye kichwa cha simba ni nani?"

"Ndiye mwenye nyumba," alisema Ibtihal. "Wafalme walikuja kumwomba nguvu."

"Hajaolewa kwa nguvu huyu, anaonekana tu." Akacheka kidogo, peke yake. "Nionyesheni langu."

Ibtihal akaushika mkono wake akamruhusu kugusa. Kidole cha Dahab kilipita ndani ya kila herufi, dali, kisha ha, kisha ba, kikarudi mwanzo. Alikuwa hajawahi kuliona jina lake likiwa kubwa hivyo.

"Ni zuri," alisema. Na kwa sababu alilisema kwa upole, Hasaballah alipata matumaini kidogo, akatoka nyuma ya nguzo yake. Dahab akageuka akamwona.

"Langu lifutwe," alisema. "Lake libaki."

Ibtihal alieleza kwamba kukwangua hakuruhusiwi, jiwe litaumia zaidi. Lakini mashimo ya herufi yangeweza kujazwa kwa chokaa na mchanga wa rangi ya mwamba, na kwenye nakala yake angeandika tu kwamba hapo pana jina lililofunikwa kwa ombi la mwenyewe.

"Fanya hivyo. Na achanganye yeye."

Hasaballah akachekecha mchanga, akapima chokaa, akakoroga akiwa amepiga magoti mbele ya wanawake watatu na wasaidizi wawili. Ibtihal alijaza kwa kijiko chembamba. Dali ikazibwa, ha ikazibwa, ba ikazibwa. Lilipokwisha, ukutani pakabaki jina lake peke yake, na zile lamu mbili, na dua ya kuunganishwa na mtu asiyekuwepo.

"Bado moja," alisema Dahab akijifunga shuka. "Leo alasiri wanaume watakuwa barazani kwa kaka yangu. Utasema mbele yao lile ulilotakiwa kusema."

Alikwenda. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mabenchi pande zote mbili, msomaji wa Kurani amepumzika, vikombe vinazunguka. Hasaballah alisimama katikati, akasema kwa sauti kadiri alivyoweza: "Enyi watu wa Naga Sawaki. Mwaka 1978 marehemu Ginawi alikuja kuniuliza kama dada yake aliwahi kwenda nami pangoni. Nilijificha. Jibu ni hakwenda. Hakuwahi kufika huko mpaka leo asubuhi. Aliyesema vingine ni mwongo, na mwongo wa kwanza ni mimi."

Nusu ya waliokuwepo walikuwa hawajazaliwa mwaka huo. Walitazamana wakiuliza kwa macho mzee anazungumzia nini. Kijana mmoja alikohoa kuficha kicheko. Wale wazee wawili waliokuja na Ginawi siku ile walikuwa makaburini zamani. Kati ya wale vijana watatu wa duka la chai alikuwa amebaki mmoja tu, kipofu sasa, naye alisema, "Kaa chini unywe kahawa, Hasaballah. Nani anayakumbuka hayo?"

"Dahab anayakumbuka," alisema Hasaballah.

Hakunywa kahawa. Alitoka, na alipopita chini ya dirisha la upande wa wanawake alisikia mtu akilifunga. Hakujua ni nani.

Dahab alirudi Kharga Alhamisi. Hakumwambia kwamba amemsamehe, wala yeye hakuthubutu kuuliza. Ripoti ya Ibtihal ilikwenda Kairo, na baada ya miezi saba barua ikaja: Hasaballah ahamishwe kutoka pangoni, akalinde ghala la mawe karibu na reli mpaka atakapostaafu. Ghala lile halina mgeni, na milango yake ni ya bati. Aliisoma barua mara mbili akaona ni haki. Ibtihal hupita mara mojamoja, humwita ami kama zamani, na yeye humpikia chai na kuzungumza naye huku akitazama birika.

Wahiba alikaa wiki tano bila kumwambia neno lisilokuwa la lazima. Siku moja alirudi kutoka kwa Nagat na namba ya simu imeandikwa kwenye kiganja. Tangu hapo yeye na Dahab huongea, mara nyingine saa nzima, na hucheka. Hasaballah akiingia chumbani, mkewe hushusha sauti. Kila Novemba dereva wa basi la Kharga huleta kikapu cha tende kwa jina la Wahiba. Wahiba huwagawia majirani, huwawekea mabinti zake, kisha humwekea mumewe tano kwenye kisahani. Naye huzila moja moja, polepole, bila kuuliza zimetoka wapi.